Upande wa Mwalimu

"Nilikuwa nakanyaga mwenyewe, Mama!"

Gari lilikuwa limesimama katikati ya mteremko, pua imeinama, na nyuma yao mwenye lori alikuwa ameshaanza kupiga honi. Mama Breki aliutazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umeikandamiza breki ya mwalimu, ile ya pili mbele ya kiti cha kushoto, mpaka chini, na yeye, haki ya Mungu, hakukumbuka kuutuma.

"Ulikuwa unachelewa," alisema.

"Nachelewa wapi? Yule mtu yuko kule chini, hata sura yake siioni, wewe umeshakanyaga." Binti yake aliitoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani, kama mtu aliyejiuzulu kazi. "Unajua mkaguzi wa leseni aliniambia nini mara ya mwisho? Nimefika kwenye kivuko, watu wanavuka, mguu wangu umekaa tu. Akakanyaga yeye, halafu akaniuliza, 'Dada, unamngoja nani?' Nilikuwa nakungoja wewe."

Honi ikalia tena, ndefu na yenye matusi ndani yake.

"Klachi," alisema Mama Breki. "Gia ya kwanza. Tazama kioo. Haya, achia polepole. Polepole nimesema!"

"Na kioo cha pembeni," ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma.

Binti hakuisikia. Asingeweza kuisikia, kwa sababu mwenye sauti hiyo alikuwa baba yake, na walimzika mwaka jana.

Aliyeanzisha shule ile ya udereva ni huyo marehemu. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichochorwa alama za barabarani ukutani, na gari moja. Wanafunzi walimwita Bwana Kanyaga, kwa siri mwanzoni, kisha hadharani alipojua na kufurahi. Sauti yake ilikuwa inasikika mtaa wa tatu. Mtu akipita karibu angedhani ndani ya lile gari kuna ugomvi wa mirathi, kumbe ni mwalimu wa watu anamfundisha karani wa benki kuegesha. Walimwogopa, walimlaani, na walipofaulu walimletea zawadi.

Mkewe naye alifundishwa na yeye, wakati huo wakiwa na gari kuukuu la bluu. Baadaye gari la bluu liliuzwa, likaja hili jeupe, na Bwana Kanyaga akamfanya mkewe kuwa mwalimu. Yeye akahamia kiti cha nyuma. Alikaa pale katikati, magoti yamekunjwa, akikagua ufundishaji. "Mwelekeze," alikuwa akisema. "Usimbembeleze. Mwelekeze."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na alilitumia kwa kazi zote. Darasani, kuelekeza kulikuwa ni kufundisha. Nyumbani, kulikuwa ni kuamua chumvi iwe kiasi gani na viti vitazame wapi. Akisema, "Nimekuelekeza mara ngapi?" ujue amekasirika, na maswali hayatakiwi. Lakini akikutana na mgeni aliyepotea njia, alikuwa anashuka garini, anamshika mabega, anamgeuza taratibu mpaka uso wake utazame kule anakokwenda, halafu anampa njia kona kwa kona, kwa upole ambao mkewe hakuuona akifanyiwa mtu mwingine yeyote. Hilo pia aliliita kuelekeza. Kuishi naye miaka yote ile kulikuwa ni kutojua, kila asubuhi, leo utashikwa mabega au utapigiwa kelele.

Alipougua, ulimi ulikuwa mzito lakini neno halikumtoka. "Nielekeze dirishani," aliomba, na mkewe akamgeuza kitandani mpaka akawa anatazama barabara. Siku zake za mwisho alizimaliza hivyo. Kila gari lilipopita nje, mguu wake wa kulia ulisukuma godoro. Nesi alisema ni misuli inakaza, akaleta mafuta ya kuchua. Mama Breki alijua si misuli. Mumewe alikuwa anayafungia breki magari ya mji mzima.

Alipokufa, mguu ule ulihamia kwake. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo lile, na hakumwambia mtu, kwa kuwa wangemtafutia dawa. Zamani alikuwa anakanyaga breki ya mwalimu inapobidi. Sasa alikanyaga kwa kila mbuzi, kila mtoto, kila jani. Sauti ya nyuma ilisema, na mguu ulitii, na wanafunzi ndipo walipomwita Mama Breki. Nyumbani nako sauti ilimfuata, ikamwuliza kama amefunga dirisha, na alikuwa ananyanyuka kwenda kulitazama ingawa alijua amelifunga.

Walifika chini ya mteremko. Pale chini, karibu na daraja, ndipo mahali alipopachukia kuliko popote duniani.

Zamani, siku ilipotokea, Mama Breki alikuwa na leseni mbichi, haijamaliza wiki. Bwana Kanyaga alimchukua na gari la bluu ili mkono wake uzoee, wakashuka mteremko huuhuu. Ghafla mwanamke akatokeza na mkokoteni wa madumu ya maji. Yeye hakukumbuka zaidi ya kelele za mumewe na gari kusimama, na kati ya bampa na tumbo la yule mwanamke ungepita mkono tu, tena kwa ubavu. Mumewe akashusha pumzi. "Umeona?" akamwambia. "Bila mguu wangu, leo ungekuwa muuaji."

Kisa hicho Bwana Kanyaga alikisimulia kila walipopata wageni, akiigiza macho ya mkewe na kilio cha mwenye mkokoteni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mkewe alicheka nao. Lakini tangu siku ile hakuwahi kuendesha gari peke yake. Leseni aliiweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Sokoni alikwenda kwa miguu. Gari lililala uani, na asubuhi mwanafunzi wa kwanza ndiye aliyelitoa. Kiti chake kilikuwa cha kushoto, upande wa mwalimu, na aliamini kabisa kwamba hapo ndipo Mungu alipomwandikia, mwanamke anayejua kusimamisha wengine tu.

"Halafu hiyo breki yako inalia," alisema binti. "Kila ukiikanyaga inalia kama mlango wa choo. Tumpitie Baba Mdogo pale gereji aitazame. Isije ikatuaibisha kesho mbele ya mkaguzi."

Kesho ndiyo iliyokuwa imewakaa wote wawili kooni. Binti alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la zahanati, kupeleka dawa na chanjo vijijini. Alikwishafeli mtihani wa udereva, akafeli tena. Mganga mkuu alimvumilia kwa sababu ni mchapakazi, lakini alimwambia waziwazi kwamba kesho ndiyo mwisho. Akishindwa, kazi atapewa mwingine.

"Ukitaka nitafute mwalimu mwingine, sema," aliongeza binti taratibu, macho barabarani. "Sikuambii kwa ubaya. Wewe hunifundishi, Mama. Unaniamuru. Na nikichelewa kutii, unafanya mwenyewe."

Mama Breki alitaka kumjibu, akaogopa itatoka sauti gani.

Waligeuza darajani, wakapanda tena mteremko hadi gereji. Fundi, huyo Baba Mdogo, alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, mtu wa mwili mkubwa na mzaha usioisha. Aliwapokea kwa kelele, akamtania binti kwamba akipata leseni watu wote watembee juu ya paa, kisha akajilaza chini ya gari. Simu ya binti ikalia. Ilikuwa zahanati, na akasogea hadi getini ili asikie vizuri.

Fundi alitoka uvunguni akicheka peke yake.

"Shemeji, gari lako lina maajabu. Raba ya breki ya mwanafunzi iko nzima, utadhani imetoka dukani jana. Ya kwako imeisha yote, umebaki unakanyaga chuma. Hebu niambie ukweli, nani anaendesha hili gari?"

"Inalia nini?"

"Pini. Hii fimbo inayounganisha breki yako na ya dereva, pini yake imelika kwa kukanyagwa. Ikikatika mkiwa barabarani, fimbo inaweza kuanguka ikaingia chini ya breki ya dereva, na hapo mtamfuata marehemu nyote wawili. Pini mpya nitaagiza, lakini kwa kesho haiwahi." Alijifuta mikono. "Nikushauri? Niitoe fimbo kabisa. Breki ya dereva iko salama salimini. Yako itabaki pambo."

"Pambo! Nimfundishe mtu bila breki?"

"We shemeji nawe! Mbona wewe ulifundishwa bila breki na uko hai?"

"Mimi nimefundishwa kwa gari la bluu," alisema Mama Breki. "Lilikuwa na breki mbili."

"Lilikuwa na pedeli mbili," alisema fundi, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni. "Ile ya kushoto niliipachika mimi kwa mikono hii. Niliifunga kwenye bati la sakafu, nikaiwekea springi ili ukiikanyaga irudi juu. Haikushika kitu, shemeji! Pesa ya fimbo hakuwa nayo, akaniambia, 'Niwekee hata ya bandia, watu wasiogope.' Basi jamaa anaingia barabarani na watu wasiojua kulia na kushoto, na hana hata uzi wa kuwazuia. Ana mdomo tu! Unadhani zile kelele alizitoa wapi? Ni woga ule! Siku nyingine akija hapa shati limelowa, namwuliza, 'Mvua?' Ananiambia, 'Mwanafunzi.'"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Kisha akauona uso wa shemeji yake, na kicheko kikamwishia.

"Nilidhani alikuambia," alisema.

Mama Breki alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu.

"Siku ya mkokoteni," alisema.

"Nilisikia hicho kisa. Nani hakukisikia?"

"Nani alisimamisha gari?"

Fundi aliinamisha kichwa, akawa anakikunja kitambaa chake na kukikunjua. Hakuwa mtu aliyezoea kupima maneno, na kazi ile ilionekana kumshinda.

"Wewe, shemeji," alisema mwishowe. "Asingeweza mwingine."

Kwanza ilimjia hasira, tena hasira ya kweli, ya kutaka kulifukua kaburi amkalishe na kumwuliza. Aliwaona wageni wote waliocheka. Alijiona akitoka sokoni na kikapu kichwani, gari liko uani, mvua inanyesha. Kisha, bila kukaribishwa, akamwona yeye. Akamwona kijana mwembamba wa siku zile, amekaa upande wa kushoto na mguu wake juu ya kipande cha bati, mke wake mpya ameshika usukani, na mteremko unawaita. Hana la kufanya ila kupaza sauti. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamwudhi kuliko hasira.

"Itoe," alimwambia fundi.

"Fimbo?"

"Itoe yote. Nipe nikaitupe."

Binti alirudi akiwa na haraka. Mganga mkuu alitaka kumwona sasa hivi, amwoneshe gari la zahanati kabla ya kesho. Waliingia garini. Binti aliweka ufunguo, na mama yake akamshika mkono.

"Breki yangu imetolewa," alisema. "Hii hapa chini haishiki kitu. Nimeona nikuambie."

Binti aliitazama pedeli, akamtazama mama yake, kama mtu anayetafuta mzaha uko wapi.

"Sasa nikikosea?"

"Utakuwa umekosea."

"Mama, tupite njia ya juu basi. Tusiteremke."

"Zahanati iko ng'ambo ya daraja, na kesho mkaguzi atakuteremsha hapohapo. Twende. Nami niko hapa."

Kutoka kiti cha nyuma hakukusikika kitu mpaka walipofika kileleni. Pale barabara ilipoanza kuinama, yule mtu akaamka. "Gia ya pili," alisema. "Mwambie gia ya pili." Mama Breki alinyamaza. Binti akaingiza gia ya pili. "Mwambie asibane katikati." Binti alikuwa pembeni tangu mwanzo, mikono yake imekaza usukani mpaka mifupa ya vidole imejichora.

Nusu ya mteremko, mzee mmoja aliyesukuma baiskeli yenye magunia mawili alikata barabara. Hakutazama huku wala kule. Aliingia tu, kichwa chini, kama anavuka ua wa nyumbani kwake.

"Kanyaga!" ilisema sauti nyuma. "Mwambie! Kanyaga!"

Mguu wa Mama Breki ulikanyaga. Pedeli ilikwenda chini laini, haina uzito, kama kukanyaga maji, na gari halikujali. Neno lilimpanda kifuani likafika nyuma ya meno. Hapo ndipo alipomwelewa mumewe zaidi ya miaka yote aliyolala naye kitanda kimoja, jinsi woga unavyojaa mdomoni wakati mikono haina kazi, na jinsi mtu anayempenda mtu anavyoweza kumpigia kelele hadi amharibu. Aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Magunia yalikua makubwa kwenye kioo cha mbele. Aliona hadi kamba iliyoyafunga.

Gari likapungua. Likapungua tena, bila kushtuka, likasimama mbali kabisa na yule mzee. Mzee aliinua mkono kidogo kushukuru, kwa adabu tu, akaendelea na safari yake na magunia yake.

Binti alikuwa anahema.

"Uliponyamaza," alisema, "niliogopa kuliko siku zote unapopiga kelele. Nikajua hapa hakuna mtu. Ni mimi."

"Ulikuwa wewe," alisema mama yake.

Getini kwa zahanati binti aliegesha vizuri, akashuka, kisha akainama dirishani akiwa na wasiwasi mpya usoni.

"Na wewe utarudije? Ningoje. Nikimaliza nitalirudisha gari mwenyewe. Sitachelewa."

"Nenda, mganga anakusubiri."

"Mama."

"Nenda, mwanangu. Leseni ninayo. Iko kabatini, lakini ninayo."

Binti alicheka, akadhani ni utani, akaingia ndani akikimbia. Mama Breki alibaki amekaa kushoto, mikono juu ya pochi yake. Watu walipita. Mlinzi wa getini alimsalimu mara ya pili, kwa shaka. Mwishowe alishuka, akazunguka mbele ya gari huku ameshika boneti kwa vidole, akafungua mlango wa kulia na kuketi. Kiti kilikuwa bado na joto la mwanawe. Alikivuta mbele. Akageuza kioo cha ndani, na humo kikajaa kiti cha nyuma.

"Ulikuwa unajua," alimwambia mumewe. "Tangu siku ile ulijua ni mimi niliyesimamisha."

Tangu mazishi, yule mtu hakuwahi kukosa jibu. Alikuwa na la kusema kuhusu dirisha, kuhusu chumvi, kuhusu wanafunzi na magari ya watu. Mama Breki alingoja. Alitaka hata kelele.

"Haya," alisema. "Nielekeze basi."

Akawasha gari. Klachi, gia, kioo, vyote mikono yake ilivifanya kabla hajavikumbuka. Alitoka getini, akaipita shule ya msingi, akaupita uzio mrefu wa kiwanda, gari likinguruma kwa utulivu ambao hakuutegemea. Alipokanyaga breki mbele ya kundi la mbuzi, gari lilisimama. Alikanyaga kidogo tu. Alishangaa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi siku zote, na akalia huku anaendesha, machozi ya kawaida tu, ambayo hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Akafika kwenye mzunguko mkubwa unaogawa njia za mji. Akatazama kulia, akangoja nafasi, akaingia. Njia ya nyumbani aliijua. Alikwisha kuwaelekeza watu wengi pale kiasi kwamba angeweza kuisema usingizini. Lakini mikono ilibaki imeshika usukani vilevile, inangoja neno moja, kushoto, au sasa, au hata jina lake tu. Njia ya nyumbani ikampita. Ya sokoni ikampita. Ya mtoni ikampita, na ile aliyoingilia ikaja na kupita. Nyuma hakukuwa na pumzi ya mtu. Kulikuwa na jua limekaa juu ya kiti kitupu.

Akazunguka tena, polepole zaidi, taa ya kuashiria kona ikigonga, uso mbele barabarani na sikio lake moja amelitega nyuma.